Kamba wa Siki kwa Mtindo wa Kusini mwa Marekani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaojaribu kamba hawa hukwama palepale. Nyama inakuwa ngumu kama mpira, au siki inakata ulimi, au mtungi ukifunguliwa asubuhi mafuta yameganda juu na majimaji yametuama chini. Makosa yote matatu yana chanzo kinachojulikana, na mengi yake hufanyika kabla siki haijamiminwa.

Tuweke sawa jambo moja kwanza. Huku kwetu achari ni ya embe au ndimu, inaanikwa juani, inakaa kabatini miezi na inazidi kunoga. Hii si hiyo. Kwa kamba wa siki, moto ndio unaoivisha, friji ndiyo inayozuia kuharibika, na siki inatia ladha tu. Anayeipa siki kazi ya moto au ya friji atakula kamba wabaya, na pengine ataumwa.

Katika mwambao wa South Carolina na Georgia, kuanzia Charleston hadi Savannah, mtungi huu huandaliwa siku moja kabla na kuletwa mezani ukiwa baridi, kama kitafunio cha kabla ya chakula. Vipimo vilivyo hapa vinatosha mtungi wa lita 2, watu 8. Kikombe kimoja ni mililita 240, kijiko cha chakula 15, cha chai 5.

Vitu vya kuandaa

*Kamba na maji ya kuchemshia*

- Kamba gramu 900, wasio na kichwa lakini wenye maganda. Ukinunua wenye vichwa, chukua kilo 1.5, kwa kuwa kichwa hula zaidi ya theluthi ya uzito.
- Maji lita 3
- Chumvi vijiko 3 vya chakula
- Limau 1, likatwe katikati
- Majani ya bay 2
- Mchanganyiko wa viungo vya kuchemshia kijiko 1 cha chakula
- Barafu kilo 1 na maji baridi lita 1

*Mchuzi wa siki*

- Siki ya tufaha au ya divai nyeupe, asidi asilimia 5: mililita 180
- Maji ya limau: mililita 60
- Mafuta ya alizeti: mililita 240
- Chumvi vijiko 2 vya chai, sukari kijiko 1 cha chai
- Mbegu za seleri kijiko 1½ cha chai
- Mbegu za haradali kijiko 1 cha chai
- Pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai
- Punje za pilipili ya Jamaika 8
- Pilipili kavu iliyopondwa kijiko 1 cha chai

*Vya kupanga mtungini*

- Kitunguu maji kikubwa 1, cheupe au chekundu
- Limau 1, vipande vyembamba vya mviringo
- Vitunguu saumu punje 4, zikatwe nyembamba
- Majani ya bay 8
- Kepa (vifumba vya maua vilivyohifadhiwa katika maji ya chumvi au siki) vijiko 3 vya chakula
- Majani ya parsley yaliyokatwakatwa, nusu kikombe

*Vyombo*: mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, sufuria kubwa, sufuria ndogo ya chuma cha pua au ya enameli, chujio, bakuli kubwa, taulo za karatasi. Kipimajoto cha chakula kikiwepo, kitakuondolea ubishi wote wa hatua ya 3.

Maneno kuhusu viungo vyenyewe

Mbegu za seleri ndizo roho ya mapishi haya. Ukiziacha utapata kamba wenye siki, lakini si ladha ya Kusini. Usizichanganye na ajwaini; kwa macho zinafanana, ila ajwaini hunukia thaimu. Ukikosa mbegu, tumia chumvi ya seleri kijiko 1 cha chai na upunguze chumvi ya kawaida kwa kiasi hicho hicho.

Majani ya bay ya kweli yana mshipa mmoja katikati. Yale ya maduka ya viungo vya Kihindi yenye mishipa mitatu mirefu ni ya mti mwingine wa jamii ya mdalasini, na harufu yake itauvuta mtungi wako upande wa pilau. Ni mazuri kwa pilau. Hapa yaache.

Pilipili ya Jamaika ni punje za kahawia, kubwa kidogo kuliko pilipili manga, zenye harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Ukiikosa, karafuu 2 na kipande cha mdalasini cha urefu wa ukucha vinatosha. Usizidishe karafuu, zitafunika kila kitu.

Viungo vya kuchemshia huko huuzwa tayari, na Old Bay ndiyo maarufu. Ina chumvi ndani yake, kwa hiyo ukiitumia toa kijiko kimoja cha chumvi katika maji. Ukichanganya mwenyewe: kijiko 1 cha chai cha paprika, nusu cha mbegu za seleri zilizotwangwa, nusu cha haradali ya unga, nusu cha pilipili manga ya unga, robo cha pilipili kali.

Mafuta ya zeituni yana ladha nzuri, lakini huganda kwenye friji na kuacha mabonge meupe juu ya kamba. Hayajaharibika, ila yanaonekana vibaya na ladha inajifungia ndani yake. Alizeti hubaki majimaji. Anayependa zeituni achanganye robo ya zeituni na robo tatu za alizeti.

Siki lazima iandikwe asilimia yake. Chupa isiyosema asidi ni kiasi gani, iache dukani.

Hatua ya 1: Kuchagua kamba

Ukubwa unaofaa ni wa wastani. Kwenye paketi za Marekani utaona namba kama 31/35, maana yake kamba 31 hadi 35 kwa ratili moja (gramu 454), yaani takriban 70 kwa kilo. Wadogo kuliko hapo huiva kupita kiasi kabla hujapata chujio. Wakubwa sana hawapokei ladha hadi katikati kwa siku moja. Uduvi haufai kabisa.

Kamba mbichi wazuri hunukia bahari, siyo amonia. Ganda limebana nyama, na kichwa hakilegei ukikishika. Ukinunua wenye vichwa, kama wanavyouzwa kwenye masoko mengi ya pwani yetu, vitoe vichwa siku hiyo hiyo. Kichwani kuna vimeng'enya vya kumeng'enyea chakula. Kamba akishakufa, vimeng'enya hivyo huanza kuila nyama ya shingoni na kuifanya laini kama uji. Watu wengi hulaumu siki kwa ulaini huu, kumbe ulianzia kwenye kapu.

Kwa wa kugandishwa, soma orodha nyuma ya paketi. Iwe imeandikwa kamba, au kamba na chumvi, basi. Ukiona fosfeti, jua kamba wamenyweshwa maji ili wawe wazito. Maji hayo yatatoka ndani ya mtungi na kuuchuja mchuzi wako. Neno salfaiti (kemikali ya kuhifadhia) nalo liangaliwe na mwenye pumu, maana huweza kumletea shida.

Kamba waliogandishwa wayeyushwe ndani ya friji usiku kucha, au kwenye mfuko uliofungwa ndani ya maji baridi kwa dakika 30 hadi 45. Wasitiwe sufuriani wakiwa bado barafu. Watapoza maji, wa nje waive na wa ndani wabaki wabichi.

Hatua ya 2: Kupika mchuzi wa siki, kabla ya kamba

Huu huanza mapema kwa sababu unahitaji muda wa kupoa. Weka siki, chumvi, sukari na viungo vyote vikavu kwenye sufuria ndogo. Pasha moto mdogo hadi vipovu vianze pembeni, acha dakika 3, epua. Mbegu ngumu kama haradali na pilipili ya Jamaika hazitoi harufu yake vizuri kwenye kitu baridi.

Onyo: usitumie sufuria ya alumini, zile za kawaida jikoni kwetu. Asidi ya siki ikipata moto hula alumini, na mchuzi hupata ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Kama huna ya chuma cha pua wala enameli, weka siki na viungo ndani ya bakuli la kioo linalostahimili moto, kisha uliweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka.

Mchuzi ukishapoa kabisa, tia maji ya limau na mafuta, koroga. Limau halitiwi motoni kwa kuwa harufu yake mbichi hupotea kwa joto.

Onja sasa. Unatakiwa kuwa mkali na wenye chumvi kidogo kuzidi unavyopenda, kwa sababu kamba na kitunguu watapunguza. Ukiwa sawasawa kwenye kijiko, kesho utakuwa umepooza mdomoni.

Hatua ya 3: Kuchemsha, hapa ndipo wengi huharibu

Katika sufuria kubwa weka maji, chumvi, majani ya bay, mchanganyiko wa viungo na limau ulilokamua humo pamoja na ganda lake. Chemsha dakika 10 ili maji yapate ladha. Hapo hapo tayarisha bakuli la barafu na uliweke karibu. Ukisubiri kamba waive ndipo utafute barafu, umechelewa.

Barafu iwe ya maji salama ya kunywa. Ile ya kuhifadhia samaki sokoni isiguse kamba walioiva, kwa sababu hawapikwi tena baada ya hapa.

Maji yakiwa yanatokota kwa nguvu, mimina kamba wote kwa mara moja pamoja na maganda yao, koroga mara moja, zima moto, funika. Ndiyo, zima. Kamba gramu 900 wakiingia kwenye lita 3 zinazochemka, joto hushuka hadi karibu nyuzi 80, na hilo linatosha kuwaivisha taratibu. Moto ukiendelea, nyama ya nje hukazana na kukamua maji yake kabla ya kati haijafika. Ule umpira hutoka hapo, na hakuna siki inayoweza kuulainisha.

Anza kuangalia baada ya dakika 2. Wa wastani huhitaji dakika 2 hadi 3. Toa mmoja mnene kuliko wenzake, mkate sehemu nene:

- Katikati bado kuna weupe wa kioo, kama unaweza kuona ndani: bado. Rudisha kifuniko, sekunde 30.
- Nyama nyeupe isiyopitisha mwanga hadi katikati, nje rangi ya waridi, umbo limejikunja kama herufi C: tayari.
- Umejikunja hadi mkia umegusa shingo, kama herufi O: umepitiliza.

Kwa kipimajoto, nyuzi 63 katikati ya nyama.

Mwaga kwenye chujio, kisha moja kwa moja kwenye barafu. Usiwaache wakipoa wenyewe, wataendelea kuiva kwa joto lao. Dakika 5 barafuni zinatosha. Wakikaa zaidi hunywa maji na ladha huoshwa.

Usijaribu kuruka hatua hii kwa kulaza kamba wabichi ndani ya siki. Nyama itageuka nyeupe na kuonekana imeiva, lakini vijidudu kama wale wa jamii ya Vibrio, wanaokaa kwenye maji ya bahari ya joto, hawauawi kwa uhakika na siki.

Hatua ya 4: Kumenya na kukausha

Maganda yalibaki hadi sasa kwa sababu mbili: yanaipa nyama ladha, na yanaikinga na joto kali. Sasa yatoe, acha mkia tu kwa ajili ya kushikia. Pasua mgongo kidogo kwa ncha ya kisu na uvute ule mshipa mweusi. Ni utumbo, na mara nyingi una mchanga. Baada ya kuiva umekaza, kwa hiyo hutoka mzima badala ya kukatika.

Wapange juu ya taulo za karatasi, wapapase wakauke. Hatua ya dakika tatu ambayo wengi huiona ya mapambo. Kamba waliolowa huingiza maji mtungini, na maji hayo ndiyo unayoyakuta yametuama chini kesho yake huku ladha ikiwa imefifia.

Hatua ya 5: Kitunguu

Kata pete nyembamba kama karatasi nene. Ziloweke kwenye maji ya barafu dakika 15, chuja, kausha. Lengo ni lile lile la kuosha kitunguu cha kachumbari kwa chumvi, yaani kukata ukali, lakini hapa usikifikiche. Pete zikivunjika hulegea, na kitunguu cha mtungi huu huliwa chenyewe. Kinatakiwa kulia mdomoni.

Hatua ya 6: Kupanga mtungi

Osha mtungi kwa maji ya moto na sabuni, ukauke kabisa. Panga kwa tabaka: kamba, kitunguu, vipande viwili vya limau, jani la bay, kepa, kitunguu saumu kidogo, parsley. Rudia hadi vitu viishe. Tabaka si urembo tu. Ukivitupia vyote kwa pamoja, vitunguu hukusanyika upande mmoja na kamba wa upande wa pili hawapati kitu.

Koroga mchuzi kwa nguvu, mafuta na siki vishikane, kisha mimina taratibu. Gongagonga mtungi juu ya kitambaa ili hewa itoke, bonyeza kwa mgongo wa kijiko. Kamba wote wafunikwe na ibaki nafasi ya vidole viwili juu. Ukipungua, ongeza siki na mafuta kwa vipimo sawa; usiongeze maji.

Kifuniko kikiwa cha chuma, tandika plastiki ya kufunikia chakula kati yake na mtungi. Siki hutia kutu.

Hatua ya 7: Friji, na kugeuza

Nyuzi 4 au chini ya hapo, mara moja. Saa 12 ni kiwango cha chini, 24 ndiyo bora.

Kila baada ya saa 6 hivi, kama mfuniko haupitishi, upindue mtungi taratibu mara mbili tatu. Mafuta hupanda juu na siki hushuka. Usipogeuza, kamba wa juu watakuwa wa mafuta matupu na wa chini watachomwa na asidi. Anayelalamika kwamba mtungi mmoja una ladha mbili, mara nyingi kosa lake liko hapa.

Kesho yake toa vipande vya limau. Ule weupe wa ndani ya ganda huanza kutoa uchungu, na ndimu huwahi zaidi kuliko limau.

Utajua umefaulu ukiona hivi: nyama inakatika kwa meno kwa mkazo kidogo kisha inaachia, kitunguu kimeingia rangi ya waridi kama kilikuwa chekundu, ladha inayoanza ni ya siki na limau, halafu seleri, na pilipili inakuja mwisho.

Yakienda kombo

*Kitunguu saumu kimegeuka bluu au kijani.* Ni mgongano wa kikemikali kati ya asidi na salfa iliyomo ndani yake. Hakina madhara, kiache.

*Siki inakata.* Usiongeze sukari kwa mkono mzito. Chuja robo ya mchuzi, rudisha mafuta kwa kiasi hicho, geuza, ngoja saa 3.

*Ladha imepooza.* Karibu kila mara ni chumvi. Tia nusu kijiko cha chai iliyoyeyushwa kwenye siki kidogo. Isipotosha, angalia kama mbegu zako za seleri zina harufu. Za kukaa miaka kwenye kopo huwa zimekufa.

*Nyama imekuwa ya unga.* Wamekaa muda mrefu kwenye asidi, au walikuwa wamechoka tangu sokoni.

Muda wa kukaa na mambo ya usalama

Siku ya pili na ya tatu ndizo tamu. Wamalizwe ndani ya siku 4, hata kama bado wananukia vizuri. Usigandishe; nyama iliyolowa asidi ikiyeyuka huwa kama sifongo.

Kitunguu saumu ndani ya mafuta, nje ya baridi, ni mazingira ambayo bakteria wa botulizimu wanaweza kuota na kutoa sumu kali bila harufu wala dalili. Ndiyo maana mtungi huu hauwekwi kabatini hata siku moja.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Ukirudi na mtungi umekaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, mwaga. Mezani ni saa 2 vilevile, na katika joto la nyuzi 32 kwenda juu, ambalo Mombasa na Dar es Salaam wanalijua vizuri, ni saa 1.

Kuandaa mezani

Toa kiasi kitakacholiwa, weka kwenye bakuli lililokalia barafu, pamoja na vitunguu na kepa zake. Weka vijiti vya meno, biskuti za chumvi au mkate uliopakwa siagi. Majani ya bay hayaliwi, na punje za pilipili ya Jamaika ziondoe kwa wenye watoto. Kwenye mwambao wa Ghuba ya Mexico hupenda kuongeza matone ya sosi ya pilipili. Fanya hivyo kwenye bakuli, si kwenye mtungi, kwa sababu ukali huzidi kila siku.

Mchuzi unaobaki usitumike kwa kamba wapya. Umeshachujwa na maji ya nyama, na asidi yake haijulikani tena. Umwagie kwenye kabichi iliyokatwa nyembamba au viazi vya kuchemsha vya moto, ndani ya zile siku 4.